Chaji Mpya kwa Honda Kongwe

Chaji ya pikipiki huzaliwa na vitu viwili: sumaku inayozunguka na waya wa shaba uliotulia. Sumaku hufungwa kwenye ncha ya kranki, upande wa kushoto kwa Honda nyingi ndogo, na injini inapozunguka, sumaku huamsha umeme ndani ya koili. Umeme huo huenda na kurudi. Hupanda mwendeshaji anapovuta mafuta na kushuka injini inapotulia, ilhali betri inataka umeme wa mwelekeo mmoja na wa kiwango kisichoyumba. Kazi ya fundi wa chaji ni kuyapatanisha hayo mawili, nayo ni kazi isiyo na wa kuisifu: mteja huona taa inawaka, hulipa, huondoka.

Mfano mzuri ni Honda CG125 ya matoleo ya mwanzo. Pikipiki hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na ilikusudiwa nchi ambako barabara ni mbovu na gereji ni chache. Ndiyo maana vali zake huinuliwa kwa vijiti badala ya mnyororo unaotaka kurekebishwa mara kwa mara. Injini ilikuwa imara kupita umri wake, lakini umeme wake ulibaki wa zama zake: volti 6. Pikipiki nyingi ndogo za wakati huo zilikuwa na diodi moja tu, iliyopitisha nusu ya umeme wa koili na kuizuia nusu nyingine. Tena nyingi hazikuwa na regulata. Betri na balbu zenyewe ndizo zilizoachiwa kazi ya kuuzuia umeme usizidi. Betri ikichoka, balbu ya mbele huungua, kisha ya nyuma, na fundi asiyejua sababu hubaki kuuza balbu kila mwezi.

Udhaifu wa volti 6 unaonekana kwa hesabu ndogo. Balbu ya wati 35 kwenye volti 6 huvuta karibu ampea 6. Kwenye volti 12 huvuta karibu ampea 3. Waya wenye kutu kwenye maungio ukila nusu volti katika mfumo wa volti 6, asilimia 8 imekwisha kupotea kabla umeme haujafika kwenye taa. Na mwanga wa balbu ya kawaida hushuka haraka kuliko volti, hivyo upungufu huo hugharimu kiasi cha robo ya mwanga wote. Kwenye volti 12, waya uleule hula robo ya volti tu, yaani asilimia 2. Hakuna balbu ya bei mbaya itakayoishinda hesabu hiyo.

Katika maeneo ya pamba kama Shishiyu, wilayani Maswa mkoani Simiyu, Honda ya aina hii ikiwa bado hai huwa haihifadhiwi kwa maonyesho. Hubeba mbegu, gunia la mpunga, au mgonjwa wa usiku, na bei yake sokoni haimtishi mtu. Kinachoiokoa ni bahati ya ajabu. Viwanda vya China viliiga injini ya CG, vikaizalisha kwa wingi, na nakala zake za cc 125 hubeba chapa ya 156FMI kwenye mwili wa injini. Baada ya kanuni za mwaka 2010 kuruhusu pikipiki za abiria Tanzania, bodaboda za jamaa hiyo zilijaa hadi vijijini. Kwa hiyo spea za mzee wa Kijapani leo zimetundikwa kwenye duka lolote la spea za SanLG na wenzake, Maswa mjini au Bariadi, pengine muuzaji mwenyewe asijue.

Njia ya kwanza ya kuihamishia kwenye volti 12 ni kubadili vyote kwa pamoja: sumaku, koili, na uwashaji wa kielektroniki (CDI) badala ya pointi. Sumaku na koili zichukuliwe kama jozi, maana idadi ya nguzo na kipenyo lazima vilingane, na koni ya sumaku ikae sawasawa kwenye kranki kabla ya nati kukazwa. Hapa ndipo fundi wa kweli hujulikana. Hutumia pula kuitoa sumaku, hagongi nyundo, kwa kuwa mishtuko hudhoofisha sumaku na kupinda ncha ya kranki. Huikagua kii ya nusu mwezi, kwani ikilika kidogo tu cheche hupotea wakati wake, na injini hurusha teke.

Njia ya pili ni ya mikono mizuri zaidi, na kwa Honda ambayo sumaku yake bado ina nguvu, ndiyo bora. Kwenye koili nyingi za zamani ncha moja ya waya imelehemiwa kwenye chuma, na mwili wa injini ukafanywa njia ya umeme kurudi. Fundi huitafuta ncha hiyo, mara nyingine iko chini ya skrubu, mara nyingine ndani ya tone la risasi lililopauka. Huipasha moto, huinyanyua bila kuukata waya mwembamba, hukwangua vanishi, huunganisha waya mpya wenye nyuzi nyingi, kisha huuvisha mpira unaostahimili joto na oili. Baada ya hapo hupima kwa mita. Kati ya ncha mbili ukinzani uwe mdogo. Kati ya ncha yoyote na chuma cha injini mita isisome kitu. Sasa ncha zote mbili zinaweza kupelekwa kwenye regulata yenye diodi nne, na ile nusu iliyokuwa ikizuiwa nayo inaingia kazini. Koili iliyoungua kabisa husukwa upya na fundi wa kusuka mota, ambaye huhesabu mizunguko ya waya wa zamani anapoufungua. Mizunguko mingi ya waya mwembamba huongeza volti na kupunguza ampea.

Kwa njia ya kwanza, regulata ya kawaida ya bodaboda yenye waya nne inatosha. Kwa kawaida mwekundu huenda betri chanya, kijani ni ardhi, mweupe hutoka koili ya chaji na wa njano hutoka koili ya taa, lakini rangi za spea za bei rahisi zithibitishwe kwa mita kwanza. Aina iliyozoeleka hufanya kazi kwa kuurudisha umeme uliozidi kwenye koili kwa njia fupi, na ziada hiyo hugeuka joto. Ndiyo maana ina mapezi ya alumini, na ndiyo maana kuificha chini ya kiti ni kosa. Ifungwe penye upepo, mbali na tope zito la mbuga linalorushwa na gurudumu wakati wa mvua. Waya wake wa ardhi uende hadi betri hasi, usitegemee fremu yenye rangi na kutu. Regulata za kisasa za MOSFET hupata joto kidogo, ila kwa injini ndogo kama hii ni gharama bila faida kubwa.

Baada ya hapo betri, honi, balbu na kifaa cha indiketa vyote viwe vya volti 12. Taa za LED hupunguza mzigo sana, lakini zilishwe kutoka betri. Zikiachwa kwenye umeme wa koili hupepesa.

Kipimo cha mwisho hakina ubishi. Betri ya asidi iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.7. Injini ikichangamka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, koili haitoshelezi mzigo au kuna muungano mbovu. Ikipita 15, regulata haifanyi kazi na asidi itachemka. Fundi anayesema kazi imekwisha bila kuonyesha namba hizo hajaimaliza, hata taa zikiwaka vipi.

Mwenye pikipiki asiondoke gereji bila vitu viwili: fyuzi karibu na betri, na mchoro wa waya wote ulioandikwa rangi zake, uwekwe kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti kwa ajili ya fundi atakayefuata.