Kilio na Ngoma: Blues na Rock and Roll Zinaachana Wapi?

Wengi wetu tunaoishi na Wakristu wa Kolwezi tumekwisha kukesha kwenye kilio. Tunajua desturi yake: moto, viti vya kuazima, wanawake chini juu ya mikeka, korali pembeni. Usiku mmoja, katika mtaa ambao hatuutaji, marehemu alikuwa kijana mchimbaji, mmoja wa wale wanaoitwa «creuseurs», aliyefunikwa na udongo shimoni. Mama yake alianza kuimba peke yake, polepole, akimwita mtoto kwa majina yake yote. Hakufika mbali. Korali iliwasha bafle zake, gita za umeme na ngoma, na wimbo wa mbio ukafunika sauti yake. Vijana waliimba vizuri, wakacheza vizuri. Mama akanyamaza. Sisi tuliokuwa pale na kanzu zetu hatukusema neno.

Kesho yake fratri mmoja alituuliza kama muziki ule ulikuwa mbaya. Tulimjibu kwamba haukuwa mbaya, ila ulifika saa isiyo yake. Jibu hilo halikumtosha, wala sisi halikututosha. Kwa kutafuta jibu bora tumefika mbali, hata Marekani, kwa sababu kule watu weusi walizaa nyimbo za namna mbili, ndugu wa tumbo moja, ambazo watu wengi wanazichanganya: blues na rock and roll. Anayejua kuzitenga hizo mbili atasikia vizuri zaidi na nyimbo za kwetu.

Tuanze na mifupa ya muziki, maana wafratri wanaosoma solfeji wataifahamu upesi. Blues ya kawaida ina vipimo 12, vimegawanywa mara tatu, vinne vinne. Mwimbaji anasema neno, analirudilia, kiisha analijibu. Katika kila sehemu sauti inanyamaza mapema, na gita inajaza nafasi iliyobaki, kama rafiki anayeitika. Akordi ni tatu: ya do, ya fa na ya sol. Juu ya akordi hizo sauti inashusha kidogo mi na si, na ndiyo ladha ile tunayoitambua mara moja. W. C. Handy aliandika nyimbo za namna hii kwa nota: «The Memphis Blues» mwaka 1912, «St. Louis Blues» mwaka 1914. Mwaka 1920 Mamie Smith aliimba «Crazy Blues» kwenye disiki, na wenye kompani za disiki wakafahamu kwamba watu weusi nao ni wanunuzi.

Sasa sikiliza rock and roll ya miaka ya 1954 mpaka 1958. Mara nyingi utakuta vipimo 12 vile vile na akordi zile zile tatu. Basi, anayesema kwamba tofauti ni akordi amekosa. Anayesema kwamba tofauti ni gita ya umeme amekosa vilevile: Muddy Waters alitoka mashamba ya Mississippi akahamia Chicago mwaka 1943, akashika gita ya umeme, na blues yake ikabaki blues. Hata vipimo 12 si sheria: John Lee Hooker mara nyingi alikaa juu ya akordi moja tu, na hakuna aliyemnyima jina la mwimba blues.

Nini basi kilichobadilika? Twaona mambo matatu. La kwanza ni mdundo. Katika blues mdundo unatembea, pengine unachechemea kidogo, kama mtu anayetoka kazini. Katika rock and roll ngoma inagonga kwa nguvu pigo la pili na la nne, na Chuck Berry alinyoosha mwendo wa gita hata ukawa sawasawa kama treni juu ya reli. La pili ni kiitikio: pahali pa neno linalorudiliwa na kujibiwa, kinakuja kiitikio kifupi ambacho umati unaweza kukishika mara moja. La tatu, na ndilo kubwa, ni msikilizaji. Blues inasema na mtu mzima anayejua deni, safari, kufukuzwa nyumbani na kufiwa. Rock and roll ilisema na vijana wa shule, wenye pesa kidogo mfukoni, juu ya magari, masomo, mapenzi ya kwanza, na ngoma yenyewe.

Kuna wimbo mmoja uliopita pande zote mbili, nao utatuonyesha. Mwaka 1952 Willie Mae Thornton, aliyeitwa Big Mama, aliimba «Hound Dog» kwa disiki. Waliotunga wimbo huo ni vijana wawili wazungu, Jerry Leiber na Mike Stoller, kwa hiyo tusiseme kwamba shauri lote ni rangi ya ngozi. Anayesema katika wimbo ni mwanamke: anamfukuza mwanamume anayekula kwake bure. Kuna kicheko ndani, lakini ni kicheko cha mtu aliyechoka, na gita inamwitikia kama jirani anayejua habari yote. Mwaka 1956 Elvis Presley aliuimba tena, maneno yakiwa yamekwisha kubadilishwa na wengine mbele yake. Mwanamume ametoweka, amebaki mbwa. Mwendo umekuwa wa mbio. Hakuna tena aliyekosa wala aliyekosewa. Ni wimbo wa kuchezesha watu, na kwa kazi hiyo unafaa sana. Lakini mwanamke yule hayumo tena.

Hapo ndipo zinapoachana. Blues haiwezi kuwa bila mtu mwenye shida, na shida yake lazima itajwe. Rock and roll inachukua nguvu ya wimbo ule, inamtua mtu mzigo wake kwa muda, inamwambia asimame acheze. Ya kwanza inakaa na mtu pale alipo. Ya pili inamwondoa hapo.

Je, moja ni ya Mungu na nyingine ya shetani? Wahubiri wengi wa Marekani walizitupa zote mbili, na kwetu pia tumesikia katekista akilaani gita pamoja na anayeipiga. Tuangalie matendo. Thomas A. Dorsey alikuwa mpiga piano wa blues. Mwaka 1932 mke wake alikufa katika kuzaa, na mtoto akamfuata. Katika uchungu ule alitunga «Precious Lord, Take My Hand», na leo anaitwa baba wa nyimbo za gospel. Alileta kanisani ile namna ya blues ya kutaja shida bila kuificha. Kwa upande mwingine, Sister Rosetta Tharpe alikulia katika kanisa la Kipentekoste, na gita yake ya umeme iliwafundisha wengi waliopiga rock and roll. Basi machozi yalitoka baa yakaingia kanisani, na shangwe ilitoka kanisani ikaingia baa. Anayetaka kuweka ukuta katikati atajenga bure.

Sisi tunaosali Breviari tusishangae. Kila ijumaa, katika sala ya kulala, tunasali Zaburi 88. Zaburi hiyo haimaliziki kwa alleluya, inamalizika gizani. Na kitabu kile kile kinafungwa na Zaburi 150, ambako baragumu, kinubi na matoazi vinaitwa vyote kumsifu Mungu. Ekleziya haikufuta ile ya kwanza kwa sababu ya ile ya mwisho.

Sasa turudi kwetu Katanga. Tusiseme kwamba kwetu kulikuwa blues. Kufananisha upesi ni kudanganya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi Mwenda Jean Bosco, kijana wa Bunkeya aliyezaliwa mwaka 1930. Anayesikiliza «Masanga» anasikia gita moja tu, bila umeme, inayopigwa kwa kidole gumba na kidole cha kuonyeshea. Hata hivi sikio linadhani watu wawili watatu wanasemezana. Akordi ni zile tatu tena, lakini mi na si hazishushwi kama kule Mississippi, wala mwendo haufuati hesabu ya vipimo 12. Kinachofanana ni kazi ya wimbo: mtu mmoja, katika miji ya kompani ambako kila mtu ametoka mbali, anasema na wenzake, nao wanatega sikio. Losta Abelo na Edouard Masengo, huyu aliyejulikana pamoja na kikundi cha Jecoke cha komini ya Kenya, Elisabethville, walifuata njia hiyo, kila mmoja kwa namna yake.

Kiisha zikaja orkestra za Léopoldville: African Jazz tangu mwaka 1953, OK Jazz tangu mwaka 1956. Rumba yao na gita zao za umeme zilifika kwa redio na disiki, na vijana wa Katanga nao walitaka kucheza. Mpiga gita wa peke yake akasogezwa pembeni. Hatulaumu orkestra, na rumba nayo ina nyimbo zake za machozi. Tunasikitikia jambo moja tu: pamoja na gita ile ya peke yake tumeanza kupoteza mazoea ya kunyamaza ili mtu mmoja aimbe.

Na bado Ekleziya ya kwetu ilijua kufanya vizuri. Mwaka 1958, kule Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, na kikundi chake Les Troubadours du Roi Baudouin waliimba Missa Luba. Sanctus yake inafuata mtindo wa wimbo wa kuagana. Halafu Hosanna inaingia na mdundo wa ngoma ya Kasai. Kwanza kuagana, nyuma ngoma, na moja haiui nyingine. Miaka hiyo hiyo, katika kambi ya Musonoi, hapa Kolwezi kwetu, Padri Placide Tempels alianza kwa kusikiliza wafanyakazi na wake zao, akitaka kujua wanatamani nini. Uzima, uzazi na mapendo: ndiyo maneno yaliyokuwa msingi wa Jamaa. Mwaka 1963 Konsilio ya pili ya Vatikano, katika «Sacrosanctum Concilium», namba 119, iliagiza muziki wa kila taifa upewe heshima yake na nafasi yake. Nafasi yake, ndiyo kusema pia saa yake.

Jambo hili si la wapenda muziki peke yao. Katika mwezi wa sita wa mwaka 2019 wachimbaji zaidi ya 30 walikufa kwa siku moja katika mgodi karibu na Kolwezi, na vifo vya mmoja mmoja havihesabiki. Mkristu asiyepata pahali pa kutaja uchungu wake mbele ya Mungu ataupeleka kwingine, kwa mganga au kwa pombe, au ataufunga moyoni mpaka uharibike. Korali inayojua shangwe tu inamfundisha, bila kutaka, kwamba Mungu hapendi kusikia kilio.

Basi ninyi wafratri, jifunzeni kusikiliza mbele ya kusahihisha. Ninyi makatekista, msilaani gita. Ulizeni inaimba nini, na kwa saa gani. Na sisi mapadri, tunapofika kwenye kilio, tuombe korali ingoje. Vijana watapata saa yao, asubuhi, tukitoka makaburini na tumaini la ufufuko. Lakini usiku ule, mama aimbe kwanza, mpaka amalize mwenyewe, na sisi tuwe wa kumwitikia.