Sifa za Mfuaji

Fundi cherehani husifiwa kwa kanzu aliyoishona, na muuzaji husifiwa kwa leso nzuri aliyoleta. Aliyeifua kanzu hiyo mara mia ikabaki nyeupe hatajwi. Mimi nataka kumtaja, kwani kazi yake ni ya akili kabla ya kuwa ya mikono.

Hapa Mombasa, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, kufua huanza na maji, na maji yenyewe si ya namna moja. Yapo ya chemchemi za Mzima, yanayosafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200, na ya Baricho kutoka Mto Sabaki. Mfereji ukikauka, huja mkokoteni wenye mitungi ya lita 20, au watu huteka kisimani. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, hivyo maji yake yana chokaa, na mengine yana chumvi. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa hiyo haitoi povu. Hufanya utando mweupe unaong'ang'ania nguo. Mfuaji hodari huyajua maji kwa kuyasugua na sabuni viganjani. Ya kisima huyatilia sabuni ya unga, inayovumilia chokaa kuliko ile ya kipande, na yale matamu huyaweka kwa suuza ya mwisho. Mvua ikinyesha, kila ndoo na beseni hukaa chini ya michirizi ya bati.

Kisha kuna kuchambua. Leso mpya hulowekwa peke yake katika maji ya chumvi, hufuliwa mbali na nyingine na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua letu la saa saba hula rangi. Kanzu nyeupe huachiwa jua hilohilo liing'arishe. Shingo yake hufikichwa kwa vidole, polepole, tarizi isifumuke. Kwenye suuza ya mwisho hutiwa buluu kidogo tu: rangi hiyo huufunika umanjano, na jicho likaona weupe. Ikizidi, kanzu hutoka na mabaka ya samawati. Kofia ya vito ndiyo mtihani mkubwa. Huoshwa bila kukamuliwa, hutiwa wanga, kisha huvalishwa bakuli la kiasi chake ikauke bila kupoteza umbo. Sijaona mashine ya kazi hiyo.

Nazipenda mashine hata hivyo. Tangu kampuni ya Hurley ya Chicago ilipoanza kuuza mashine ya umeme iitwayo Thor, takriban mwaka 1908, mikono na viuno vya wafuaji vimepata nafuu kubwa. Shuka la kitanda cha watu wawili, likishajaa maji, ni mzigo wa kukamuliwa na watu wawili.

Lakini kwa nyumba zetu, ningechagua ile ya kizamani yenye matangi mawili, moja la kufua na moja la kukamua. Ile ya kisasa yenye mlango mbele hutumia maji machache na hufanya kila kitu yenyewe, ila inataka mfereji wenye nguvu na stima isiyokatika. Na ikiwa na hita, chokaa ya kisima hujenga ukoko juu yake. Ya matangi mawili hujazwa kwa ndoo. Maji ya sabuni yaliyofua kanzu hubaki humo yakafua mashati, kisha suruali, na mwisho ovaroli la mfanyakazi wa bandarini. Ukitaka kuyamwaga, unaushusha mpira. Upande wa kukamua, nguo hupangwa sawasawa na kufunikwa kwa kisahani cha plastiki; zikielemea upande mmoja, mashine hutetemesha chumba kizima. Mwenye kuiendesha ndiye anayeamua yote, na ndiyo maana naiona inamfaa mjuzi.

Nasikitika ninapoona mama wa kufua akipunguziwa ujira kwa kuwa eti kuna mashine. Bado yeye ndiye anayejua leso ipi itachuja na maji yapi yatafifisha kanzu. Ukimwita kwako, mlipe kama zamani, na kabla hajaanza muulize kisima chako kinafaa kwa nguo zipi. Atakuambia.