Gauni la Kupanda Nalo Mlima

Fundi cherehani mmoja wa Tukuyu haanzi na futi, anaanza na ndoo ya maji. Mama akimletea kitenge kipya, kingali kigumu kwa wanga wa kiwandani, anarudishwa nacho nyumbani akakiloweke usiku kucha, akisuuze, akianike, ndipo akilete tena. Pamba ikilowa kwa mara ya kwanza hurudi, na gauni lililokatwa kabla ya hapo litambana mwenyewe baada ya kufuliwa. Kwingine kuanika ni jambo la nusu siku. Hapa kwenye miteremko ya Mlima Rungwe mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka na ukungu hushuka mchana kweupe, hivyo kitenge kinaweza kukaa kambani siku tatu na bado kikawa na unyevu ukikishika. Wateja wananung'unika. Yeye anasubiri.

Akishakipokea, huchomoa uzi mmoja pembeni na kuuwasha kwa kiberiti. Ukiungua kama karatasi na kuacha majivu, ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, kuna nailoni au poliesta ndani, na anamwambia mama waziwazi kwamba hilo halitamfaa. Sababu anaijua vizuri ingawa huitaja kwa staha: mwanamke aliyefikia umri wa kukoma hedhi hupandwa na joto la ghafla hata asubuhi ya Julai, wakati watu wote wa Tukuyu wamejifunika masweta. Pamba hunywa jasho na kupitisha hewa. Akina mama wa umri huu hawahitaji kufundishwa sana juu ya kitambaa. Wengi walivaa vitenge na khanga za Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na mkono unakumbuka uzito ule.

Kazi yake iko barazani, mbele ya duka la vitenge, chini ya bati ambalo mvua ikizidi hulazimu watu kupaza sauti. Cherehani ni Butterfly nyeusi ya miguu, na ubao wa meza yake umelainika pale anapoegemeza kiganja cha kushoto. Juu yake kuna mkasi mzito ambao mtu haruhusiwi kukatia karatasi, chaki bapa, rula ya mbao, kopo la pini, kichupa cha mafuta, na wembe uliofungwa kitambaa nusu yake kwa ajili ya kufumulia. Pasi ni ya mkaa. Fundi wa jirani anayo cherehani ya umeme, na huyu hana wivu nayo. Anasema mguu wake unajua pa kupunguza mwendo.

Wateja wake wengi ni wanawake waliovuka hamsini: walimu wastaafu, wauguzi, wakulima wa chai na ndizi, wazee wa kanisa. Mabinti huenda kwa mafundi wenye picha za mishono ya mjini kwenye simu, na kuna watu wanaodhani hao ndio wenye kazi ngumu. Mimi nasema bila kusita kwamba kumshonea mwanamke wa miaka sitini ni kazi ngumu kuliko kumshonea binti yake. Mabega ya binti yanalingana, mgongo wake umenyooka. Mama amebeba watoto mgongoni na mikungu ya ndizi kichwani. Bega moja limeshuka, shingo imesogea mbele, mgongo wa juu umejikunja kidogo, matiti yameteremka, tumbo limetangulia. Kila kimoja kati ya hivyo kinadai inchi yake, na fundi asiyekipa atasikia tu kwamba gauni "halikai".

Nilimtazama akimpokea mwalimu mstaafu aliyetoka upande wa Katumba, kwenye mashamba ya chai. Mjukuu wake alikuwa anajiandaa kupata kipaimara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kitenge kimekauka sasa, nimekuletea."

Alimpa kigoda, akamwuliza habari za nyumbani na za mjukuu, na wakati huo macho yalikuwa kazini. Aliona mkono ambao mwalimu alitumia kutua kikapu. Aliona alivyoinuka, kwa kujisukuma na goti. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama, mkono wa kulia unafika mgongoni?" Mwalimu akajaribu. Mkono uliokuwa ukiandika ubaoni zaidi ya miaka thelathini uliishia ubavuni. Fundi akatikisa kichwa, na zipu ya nyuma ikafutwa hapohapo. Gauni lingefunguka mbele, kwa vifungo hadi chini ya kifua, ili mwenyewe alivae bila kumwita mtu.

Ndipo futi ikashuka shingoni. "Simama kama unavyosimama siku zote, usijikaze." Watu wakipimwa hujinyoosha kwa heshima, na gauni likapimwa kwa mwili ambao hawarudi nao nyumbani. Alingoja pumzi ya mama itoke, mabega yashuke, ndipo akaanza. Bega la kushoto peke yake, la kulia peke yake. Kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni kwa nyuma, inchi 17. Kutoka begani, kupita juu ya kifua, hadi kiunoni kwa mbele, inchi 19. Kifua 44, kiuno 40, nyonga 47. Halafu kipimo ambacho mafundi wenye haraka hukiruka, cha kutoka begani hadi ncha ya titi: inchi 11 na nusu.

Namba zote zinaingia kwenye daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Kila mteja ana ukurasa wake, na kwenye ukurasa wa mwalimu kulikuwa na safu za miaka iliyopita. Ile 11 na nusu iliwahi kuwa 10. Kiuno kiliwahi kuwa 34, kikapanda, kikashuka mwaka mmoja alipougua, kikapanda tena. Fundi hakusema neno juu ya hayo. Aliandika safu mpya pembeni ya zile za zamani.

Mwaka 1941 Idara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha vipimo vya wanawake wapatao 15,000, na vipimo hivyo vikaja kutumika kuweka viwango vya saizi za nguo za dukani nchini humo mwaka 1958. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini saizi, ya Marekani au ya kwingineko, humkatia mwanamke wa wastani, na wastani huyo hajawahi kupanda njia ya Katumba. Gauni la mtumba likifunguliwa kwenye robota hapa Tukuyu, mama huliona zuri, akalivaa, na kifua kikaangukia pasipo pake. Daftari la barazani linampima mtu mmoja mmoja, na mwaka huu tofauti na mwaka jana.

Vipimo vya kusimama havikutosha. Alimketisha akapima nyonga upya, maana mwili ukikaa hutanuka, na ibada ya kipaimara ni ndefu. Alimwomba apande ngazi ya baraza na kusimamisha mguu hewani, akapima nafasi kati ya goti na goti. Rungwe ni kupanda na kushuka. Sketi ya kubana inayopendeza mahali tambarare humfanya mama hapa apande kilima kwa ubavu, au ashindwe kukaa kwenye bodaboda. Mwisho akauliza habari za sweta. Mwalimu alikuwa nalo kikapuni, la sufu nene, na fundi akapima mkono juu yake. Ile mikono iliyofura begani, inayopendwa sasa, haiingii ndani ya sweta. Mkono wa gauni hili ungeshuka wima, upite kiwiko kidogo, na tundu lake la kwapa liwe na nafasi.

Kukata alikufanya asubuhi, kabla wateja hawajaja. Kitenge kilikuwa cha rangi ya haradali chenye miduara mikubwa ya buluu. Alikitandaza, akalainisha kwa viganja viwili kutoka katikati kwenda nje, akakaa anakitazama. Miduara ni mtihani. Ukikata ovyo, miwili itakaa juu ya matiti na wa tatu katikati ya tumbo, na mama wa watu atakuwa kichekesho kanisani. Alikisogeza kitambaa, akakirudisha, akakisogeza tena kwa upana wa vidole viwili, mpaka miduara ikapanga safu kutoka begani hadi chini kila upande, na uwazi wa katikati ukabaki kwa ajili ya vifungo. Uamuzi huo ulikula karibu nusu yadi kati ya yadi sita, naye alikuwa ameshamwambia mwenyewe mapema. Kilichobaki kilitosha kilemba.

Hatumii karatasi. Chaki inachora moja kwa moja. Kwa nyuma, chini ya shingo, aliongeza robo tatu ya inchi ya urefu kwa ajili ya ule mgongo uliojikunja, kisha akaweka alama za vikunjo viwili vidogo vitakavyourudisha urefu huo shingoni. Bila hivyo gauni huvutwa nyuma na kola ikamkaba mtu kooni. Kwa mbele aliteremsha pindo inchi moja zaidi kuliko nyuma, maana tumbo huinua kitambaa. Gauni likilazwa mezani linaonekana limekosewa. Likivaliwa, pindo linalingana pande zote. Pembeni aliacha akiba ya inchi nzima kila upande, na huo ndio ukarimu ninaoupenda kuliko yote katika kazi yake: mwili ukibadilika tena, gauni litaachiwa, halitatupwa.

Baada ya mkasi huja bandi. Anaunga vipande kwa mkono, kwa uzi mweupe na mishono mirefu iliyolegea, ya kufumuka ikivutwa. Mwalimu alirudi kujaribisha, na hapo nikaona kiini cha ufundi wake. Hakutazama gauni zima, alitazama mikunjo. Mkunjo mmoja mwembamba ulitoka kwapani ukapanda kuelekea bega la kulia, na macho yangu yasingeuona kama asingeugusa. Mkunjo unapoelekea ndipo kitambaa kinapokosekana. Alikata bandi kwa wembe, akaachia nusu inchi begani, akabana kwa pini, na mkunjo ukapotea. Akamwambia mama ainue mikono kana kwamba anafunga kilemba. Mkunjo mwingine ukatokea mgongoni. Akafumua, akaachia, akabana. Hakuonyesha kuchoka wala kumharakisha, na mama naye alisimama kwa utulivu wa mtu anayejua anahudumiwa.

Cherehani ilianza kazi ikiwa imechelewa hivyo, baada ya kila swali kujibiwa. Vikunjo vya kifua kwanza, vya shingoni, halafu mabega. Kila mshono unapigwa pasi kabla haujakutana na mwingine: anapuliza majivu, anajaribu pasi kwenye kitambaa kibovu, anatandika kingine chenye unyevu juu ya mshono, anakandamiza bila kuburuta. Kuunga mkono wa gauni ndiko kulikomkalisha kimya. Kitambaa cha mkono ni kirefu kuliko tundu lake kwa zaidi ya inchi moja, na urefu huo lazima umezwe wote bila kuacha alama. Vidole vya kushoto vilisukuma kitambaa kidogo kidogo chini ya sindano, kiganja cha kulia kikagusa gurudumu, mguu ukakanyaga nusu kanyagio, ukasimama, ukakanyaga. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba mlio wa cherehani haukusikika, ila kitambaa kilionekana kikitembea. Alipougeuza mkono upande wa nje, bega lilikuwa mviringo safi.

Pindo alilishona kwa mkono, akichota uzi mmoja tu wa kitambaa kila mara ili nje pasionekane kitu. Liliishia katikati ya muundi, juu ya kimo cha matope. Bitana aliitia kwenye sketi pekee, kifua akakiacha kipumue. Kwenye mshono wa ubavu wa kulia alificha mfuko wenye kina cha kiganja na nusu, kwa simu na hela. Zamani hela zilifungwa kwenye pindo la khanga, lakini simu haifungiki.

Wako wanaowaambia wanawake wa umri huu kwamba kuvaa vizuri ni kujificha: rangi zilizofifia, nguo pana ya kufunika yote. Gauni lile la haradali lilipovaliwa halikuficha kitu wala kumbana mtu. Mabega yalionekana kulingana. Kola ilikaa. Mwalimu alifunga vifungo mwenyewe, akavaa sweta juu yake, akalivua, akakaa, akainuka, akashuka ngazi na kuipanda tena bila kushika nguo. Alijitazama kwenye kioo cha dukani kwa muda mrefu.

"Ndaga fijo, mwanangu," alimshukuru kwa Kinyakyusa, akachomoa kitenge cha pili kikapuni, cha kijani, kimeshalowekwa na kukauka. Mshono uwe uleule, ila mfuko mmoja hautoshi. Anataka na upande wa kushoto, kwa ajili ya miwani.