Kuvuja kwa Pakacha

Kuti limelala kivulini tangu alfajiri, uani kwa mzee mmoja wa Tiwi, pwani ya Kenya, si mbali na barabara ya Lunga Lunga. Mkwezi aliliangusha alipopanda kuangua madafu. Ni bichi, lakini limekomaa, kijani chake kizito. Nilipoligusa nikaona majani yamelegea kidogo, nikadhani limechelewa kutumika. Mzee akacheka. Kuti lililokatwa sasa hivi lina kiburi. Ukililazimisha kukunjika, jani linachanika kando ya chelewa. Likipumzika saa chache linakubali.

Leo anasuka mapakacha ya embe. Ni msimu wa embe aina ya ngowe, na mjukuu wake ana mzigo wa kupeleka Ukunda.

Kipimo chake ni mkono: kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kisha shubiri moja juu yake. Anachukua kipande cha katikati ya kuti tu, pale majani ya pande zote mbili yanapolingana urefu. Kule shinani upongoo ni mnene mno, na kule nchani majani ni mafupi. Vipande hivyo anavisukuma kando kwa mguu, cha kuni na cha kuni, cha ufagio na cha ufagio.

Halafu anapasua upongoo, na hapo ndipo nilipovuta kigoda karibu. Anatia panga kichwani mwa upongoo, anagonga mgongo wa panga kwa kipande cha mti mara mbili, na likishauma analiweka chini. Kazi iliyobaki ni ya mikono. Anazivuta nusu mbili polepole, ufa unakwenda ukilia kama kitambaa kinachochanwa. Tabia ya ufa huo ni kutoroka. Hukimbilia upande mmoja, na mtu asiyejua huvuta kwa nguvu akabaki na nusu moja nene na nyingine kama uzi. Mzee anaukunja zaidi ule upande mnene, na ufa unarudi katikati wenyewe. Mara tatu ulitoroka, mara tatu akaurudisha, bila kusema neno. Alipomaliza alikuwa na nusu mbili sawasawa, kila moja na safu yake ya majani, kama machanuo mawili makubwa.

Ana kotama ya zamani, ya mgema, iliyolika ncha. Kwa kotama hiyo anachonga nyama ya ndani ya upongoo mpaka ubaki bapa, uwe wa kupindika bila kuvunjika. Huo ndio utakaokuwa mdomo wa pakacha.

Sasa kusuka. Nusu ya kwanza inalazwa mapajani. Majani yote yameinamia upande mmoja, kule ilikokuwa ncha. La kwanza analiacha lilale linavyotaka. La pili analigeuza lirudi nyuma, lipite juu ya jirani, chini ya linalofuata, juu tena. La tatu linaachwa, la nne linageuzwa. Kwa muda sikuona ila fujo ya kijani, kisha mara moja miraba ikajitokeza, imelala mshazari, imepangana. Vidole gumba ndivyo vyenye kazi kubwa: kila jani likipita, kidole kinalisukuma hadi liguse lenzake, basi. Hakikazi zaidi.

Hilo la kutokaza lilinisumbua. Baina ya majani palibaki vijitundu, vingine vya kupitisha punje ya mtama.

"Mzee, mbona hukazi?"

"Nikikaza, mwanangu, embe zitalala ndani ya jasho lao."

Tunao msemo, kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, na huwa tunautaja pale hasara ya mmoja inapomwia mwingine faraja. Nimeusikia maisha yangu yote kana kwamba pakacha limekosea. Kumbe msukaji amelivujisha kwa makusudi.

Embe lililochumwa bado linapumua. Linatoa mvuke wa maji, na linatoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huliivisha lenyewe na kuyaivisha yaliyo jirani. Ndiyo maana ukitaka embe bichi liwahi, unalifunika pamoja na bivu. Yafunge maembe pasipo tundu, yataiva kwa pupa, yatatoka jasho, yataoza. Na ethilini hiyohiyo, ingawa ile ya viwandani hutoka kwenye mafuta na gesi ya ardhini, molekuli zake zikiungana maelfu kwa maelfu katika mnyororo mmoja, ndiyo polithini, lile juala jembamba la sokoni.

Polithini nayo ina kisa cha kuvuja. Mwaka 1933, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI, huko Winnington, Uingereza, waliibana ethilini kwa shinikizo kubwa wakakuta chomboni kitu cheupe kama nta. Kukirudia kukawa shida. Hata milipuko ilitokea. Desemba 1935 Michael Perrin na wenzake wakajaribu tena. Chombo chao kilikuwa kinavuja, shinikizo likashuka kupita walivyotarajia, wakaongeza gesi. Gesi hiyo ya nyongeza ilikuwa na oksijeni kidogo sana, kiasi kilekile kinachotakiwa kuuanzisha mnyororo, nao wakapata gramu 8 hivi za unga mweupe. Mfuko wenye vishikio ulikuja baadaye, kwa hataza aliyopewa Msweden Sten Gustaf Thulin mwaka 1965. Kenya ikaupiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Simlaumu Perrin. Ningependa sana akalie kigoda changu asubuhi moja, aone watu wengine wanavyoushughulikia mvujo.

Niliporudisha macho, ubavu wa pili ulikuwa tayari. Mzee akazisimamisha mbavu mbili zikitazamana, pongoo juu, mikia ya majani ikining'inia. Kwenye pembe, majani yaliyokosa mwenzi upande huu yalivushwa upande wa pili yakasukwa huko, kwa hiyo pembe haina mshono unaoonekana; nililizungusha pakacha zima nikiutafuta. Chini akaikusanya mikia na kuisuka misuko mitatu kama nywele, kila hatua ikimeza jani moja la kushoto na moja la kulia. Hapo ndipo alipokaza, kwa goti na meno, kwa kuwa uzito wote unashukia hapo. Fundo la mwisho likafichwa ndani.

Akalinyanyua pakacha kwa mikono miwili, akalitikisa, akategea sikio. Halikulia. Akalipinda, mdomo ukapanuka kama wa kuku anayehema.

Mjukuu alilijaza embe, akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Ngowe moja ilikuwa bado inatoka utomvu mahali pa kikonyo. Tone likapenya chini ya pakacha, likaanguka mchangani. Mzee hakulitazama. Alikuwa ameinamia kuti lingine: kiwiko, kidole cha kati, shubiri.