Ludo: Hesabu ya Chumba cha Saba

Mwaka 1896 Alfred Collier alichukua hataza ya ludo nchini Uingereza. Mwaka uliofuata, familia ya Johnson, wachapishaji wa Birmingham, walihamishia kazi yao Harborne, karibu na kijito cha Chad. Ndiko lilikotoka jina Chad Valley, kiwanda kilichochapa mbao za ludo na kuziingiza katika nyumba nyingi za Waingereza.

Mbio zenyewe zilitoka India, kwenye pachisi. Ufundi wa Waingereza ulikuwa katika kupunguza, na mambo mawili waliyoyagusa yalibadilisha kabisa namna ya kuwindana.

La kwanza ni kauri, makombe ya baharini yaliyorushwa kabla ya dadu kuchukua nafasi yake. Katika pachisi ya kauri sita, huhesabiwa zilizoanguka mdomo juu. Tukichukulia kwamba kila kauri ina nafasi sawa ya kulala huku au kule, tatu hutokea mara 20 katika 64, na tano mara 6 tu. Kwa hiyo kukaa vyumba vitatu mbele ya adui ni hatari kuliko kukaa vitano. Dadu iliisawazisha hatari hiyo: kuanzia 1 hadi 6, kila namba ina nafasi moja katika sita. La pili ni ngome. Pachisi ina vyumba 12 ambamo kete hailiwi. Ludo ya kawaida ya Uingereza iliviacha, na kete ikabaki wazi karibu njia nzima.

Hapo ndipo watu husema ludo ni bahati tupu. Siafiki hata kidogo. Dadu huamua namba. Kete ya kusogeza unaichagua wewe, na uchaguzi huo una hesabu yake.

Tazama kete moja ya adui iliyo nyuma yako. Ukiwa mbele yake kwa vyumba sita au pungufu, ana angalau nafasi moja katika sita ya kukula kwa zamu hiyo. Ukiwa chumba cha saba, lazima apate sita, arushe tena, kisha apate moja: nafasi moja katika 36. Hatua moja tu imeishusha hatari mara sita! Hakuna hatua nyingine ubaoni yenye thamani kama hiyo, lakini wachezaji wengi huipita bila kuiona, kwa sababu macho yao yako mbele, nyumbani, wakati adui yuko nyuma.

Kula nako kuna bei yake. Kumla aliyetoka sasa hivi kunampotezea ile sita aliyotokea, basi. Kumla aliyetembea vyumba 45 kunafuta safari yake karibu yote, halafu anaanza kuisubiri sita upya. Na katika kila watu watatu, mmoja hivi hurusha mara sita asiipate. Kwa hiyo kete changa inaweza kuachwa hatarini, hata kuwa chambo. Kete kongwe haiachwi.

Basi wewe unayecheza Sparkbrook, Birmingham, au kwenye kijiwe cha bodaboda Kampala, ukipata nne na kete mbili zinaweza kusogea, usikimbilie ile iliyo karibu na nyumbani. Geuka nyuma kwanza, uhesabu hadi saba.