Vitabu Tusivyoviulizia

Kijana mmoja niliyemfundisha hapo zamani alinijia nyumbani kwangu hapa Mtoni, siku ya Jumapili baada ya ibada. Akaniamkia, akaketi, kisha akasema, "Mwalimu, vitabu vya Kiswahili nimevimaliza. Sasa sina la kusoma." Nikamwuliza amesoma vingapi. Akanitajia saba, na vyote saba ni vile alivyopewa shuleni apate kujibu mtihani. Sikumcheka, kwa maana nimewasikia hata walimu wenzangu wakisema vivyo hivyo. Basi nimeona vema kuwaandikia wasomaji habari za vitabu vichache visivyotajwa sana, nami nitasema wazi ni kipi kinanipendeza na kipi kinanichosha.

Nianze na vitabu vya safari. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alitoa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna habari ya Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia. Tena mwaka 1931 Martin Kayamba alikwenda Uingereza kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, naye akaandika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka 1932. Visome viwili hivi pamoja. Kayamba alikuwa karani mwenye cheo na mgeni wa heshima, basi aandika kama mtu aliyekaribishwa chakula, asifu kila sahani. Salim alikuwa mtumishi tu, wala hapakuwa na aliyengoja kusikia shukrani zake, na kwa hiyo jicho lake li huru zaidi. Kwangu mimi yule mtumishi amemshinda karani.

Kasoro hiyo ya kusifu kupita kiasi imo pia katika Uhuru wa Watumwa, alichokitoa James Mbotela mwaka 1934. Kinaeleza jinsi watu walivyotekwa bara, wakapelekwa pwani, wakatiwa jahazini, wakaokolewa na manowari ya Waingereza na kukalishwa Frere Town, karibu na Mombasa. Mbotela alikuwa mzao wa watu hao, na anaposimulia waliyoyasimulia wazee wake huwezi kukiweka kitabu chini. Walakini akifika kwa waokoaji, kalamu yake hupiga magoti. Wengine wamemhukumu kwa hayo wakakiacha kitabu chote. Mimi sioni haki kukiacha. Mtu ambaye babaye alifunguliwa minyororo hawezi kumpima aliyeifungua kama tunavyompima sisi. Lakini msomaji na asome akijua hayo.

Tena kuna Mwaka katika Minyororo, cha Samuel Sehoza, kilichotoka 1921, habari za Wakristo Waafrika wa misioni ya Waingereza waliofungwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Ni kijitabu kidogo. Anayedhani kwamba vita ile ilikuwa ya Wazungu peke yao akitafute.

Najua baadhi ya wazee watakunja uso nikitaja hadithi za upelelezi. Hata hivyo nataja Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichochapwa 1960. Mtu aonekana amekufa penye mzimu, na wengi wanasadiki kwamba mizimu ndiyo iliyomwua. Bwana Msa aja na kiko chake, achunguza, aulizauliza, mpaka ushirikina wote umeporomoka na mkono wa binadamu umeonekana. Nimesikia hotuba ndefu juu ya ushirikina zisizofanya kazi hiyo.

Na mwenye kupenda tenzi amtafute Mathias Mnyampala wa Ugogo. Mwaka 1963 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu. Alitwaa chombo ambacho mashairi wa pwani walikuwa wamekitumia karne nyingi kwa mambo ya Uislamu, akakipakia shehena nyingine, na chombo hakikuzama. Ila usomwe kwa sauti. Kwa macho tu hauna ladha.

Sasa nafika kwenye kitabu kilichonifanya nishike kalamu. Aniceti Kitereza, mtu wa kisiwa cha Ukerewe, alimaliza kuandika hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupatikana wa kuichapa. Baadaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka Dar es Salaam kwa mabuku mawili mwaka 1980, yaani baada ya miaka 35. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Jina lake ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na nadhani urefu wa jina hilo umewafukuza wengi.

Myombekere na mkewe hawana mtoto. Ndugu za mume wamwumiza Bugonoka kwa maneno, wazazi wake wamchukua, na mume aenda ukweni kumwomba. Huko atozwa pombe ya ndizi. Mara ya kwanza nilichoka. Kila mgeni aamkiwa kwa kirefu, kila kazi yaelezwa toka mwanzo hata mwisho. Nikakifunga. Nilipokirudia ndipo nilipotambua kwamba uchungu wa mtu asiye na mtoto haukai katika ugomvi mmoja. Unakaa katika kila maamkizi, katika lile swali ambalo mgeni halitamki. Kitereza alilijua jambo hilo, kwa maana yeye na mkewe walifiwa na watoto wao. Tena alilelewa misioni, lakini watu wake wa zamani hakuwahubiria wala hakuwatia aibu.

Nilimwazima yule kijana buku la kwanza. Sasa ni miezi miwili hajalirudisha. Nilipomdai akaniambia kwamba mama yake amelizuia. Mama huyo ni mtu wa Bukoba, hajazoea kitabu ila Biblia na nyimbo, na kila jioni amwagiza mwanawe amsomee kurasa chache. Wamefika pale pa kutengeneza pombe, wamekwama, kwa sababu mama asema ndizi haziivishwi hivyo.