Neno Likishatoka Jukwaani

Mwandishi wa tamthilia akishamaliza kazi yake, ana haki ya kuwaambia watazamaji, "Mmenielewa vibaya"? Ebrahim Hussein alilijibu swali hili mwaka 1969, ndani ya Kinjeketile. Mganga wa Ngarambe anawapa watu maji, na maji yanawaunganisha. Yeye anataka wangoje, wajiandae. Wao wanataka vita sasa. Anapojaribu kuwazuia, neno limeshakuwa lao.

Wengi tunaisoma kama tamthilia ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Ni tamthilia pia kuhusu msemaji na hadhira yake. Hussein hawafanyi wale watu kuwa wajinga. Wanalimishwa pamba kwa viboko. Mtu mwenye alama za mjeledi mgongoni hawezi kulisikia neno "ngojeni" kama alivyolikusudia aliyelitamka.

Huku Ugogoni jambo hilo halishangazi. Kina mama wanapopiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, watazamaji hawasubiri mwisho ndipo wapige makofi kwa adabu. Wanaitikia, wanapiga vigelegele, wanaingia uwanjani. Wakichoka, mchezaji anajua papo hapo.

Tamthilia zetu tumezihamishia darasani. Mwanafunzi wa Dodoma anaweza kumaliza shule akiwa amekariri dhamira na wahusika bila kuuona mchezo wenyewe hata mara moja. Hadhira ya namna hiyo haipewi hata nafasi ya kuelewa vibaya.

Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichukua njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walikwenda Malya, Mwanza, wakatunga michezo pamoja na wanakijiji kuhusu matatizo ya hapohapo, kisha wakaijadili nao. Huko ufahamu wa watu ulikuwa sehemu ya utunzi.

Basi mwandishi ajali, lakini asijifanye askari wa maana. Kujali ni kujua nani anasikiliza, ana njaa ya nini, na neno litafika kwake likiwa na sura gani. Mwishoni Mjerumani anamtaka Kinjeketile akane maji. Anakataa, kwa sababu kukana ni kuwaambia watoto kwamba baba zao walipigania uongo. Amelipoteza neno lake, ila hawatupi waliolibeba.